Tairi la Kona na Tairi la Kurudi Nyumbani

Nilipoondoka Nairobi kurudi nyumbani Nakuru saa kumi na moja ile jioni ya Aprili nilikuwa na furaha tele, kwa kuwa Subaru Impreza yangu ilikuwa imeshinda siku nzima ikikimbizana na saa katika yale mashindano tunayoyaita TT, na muda wangu ulikuwa umepungua kwa sekunde mbili na ushei. Sababu haikuwa udereva, ilikuwa matairi. Nilikuwa nimefunga yale yenye raba laini, ambayo yakishapata joto hung'ang'ania lami kama gundi, na nilikuwa nimeyatumia hadi mifereji yake ikabaki na kina cha milimita tatu hivi. Mvua ilinikuta Soko Mjinga. Kufikia mteremko wa Kinungi usukani ulikuwa umekuwa mwepesi mikononi, gari likielea kila lilipokanyaga mikondo ya maji iliyochimbwa na magurudumu ya malori, na matrela ambayo mchana nisingeyapa hata nafasi ya kupumua yakinipita na kunimwagia tope kiooni. Niliingia Nakuru saa nne usiku.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Mtu mwenye seti moja tu ya matairi, anayekwenda kazini na gari lile lile analokimbizia mwisho wa wiki, anapaswa kuyachagua kwa ajili ya barabara ya kurudi nyumbani, na zile sekunde atakazopoteza kwenye mzunguko azihesabu kuwa nauli. Wao husema kwamba tairi zuri ni lile linaloshika zaidi. Mimi huuliza: linashika wapi, likiwa na joto gani, na limebakisha meno mangapi?

Mjadala wetu huanzia kwenye namba iliyo ubavuni mwa tairi karibu na neno TREADWEAR. Michelin Pilot Sport 4S ina 300, ilhali Bridgestone Potenza RE-71RS na Yokohama Advan Neova AD09 zina 200, na vijana wengi huichukulia namba hiyo kama kipimo cha mshiko: kadiri inavyopungua, ndivyo tairi linavyoshika. Kwa hakika ni kipimo cha uchakavu kilichowekwa na serikali ya Marekani. Tairi huendeshwa katika barabara za kawaida huko Texas kwa kilomita 11,600 hivi, likilinganishwa na tairi la kielelezo, kisha kampuni iliyolitengeneza ndiyo inayojitangazia daraja. Kwa hiyo 200 ya kampuni moja si lazima iwe ndugu wa 200 ya kampuni nyingine. Hata herufi za mshiko zinazofuata, AA au A, hutokana na jaribio la kufunga breki kwenye lami iliyolowa gari likienda moja kwa moja, na hazisemi lolote kuhusu kona. Ni namba ya kukusaidia kukisia tu, na ukiikosa kabisa usishangae, kwa sababu baadhi ya matairi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana maandishi hayo.

Jambo ambalo namba haisemi ni joto. Raba laini ya mashindano hutaka ichemke kidogo ndipo ifanye kazi yake, na asubuhi ya Julai hapa Nakuru, wakati ukungu bado umeufunika mdomo wa Menengai, tairi hilo hufika kazini kabla halijaamka. Nalo tairi la kawaida la barabarani lina ugonjwa wa upande wa pili: ukilikimbiza mizunguko mitano mfululizo, meno yake marefu huanza kuyumba na kuchemka hadi vipande vya raba vikang'oka begani. Yako matairi ya katikati, yale ya barabarani yaliyotengenezewa mwendo wa kasi, ambayo huvumilia mizunguko mitatu au minne mizuri kabla ya kulainika, kisha hulia kwenye kona kuonyesha kwamba yamefika kikomo. Kilio hicho nakipenda. Tairi laini hunyamaza, hushika, hushika, kisha huachia kwa ghafla, na dereva wa kiwango changu anahitaji kuonywa mapema.

Ukubwa nao una mtego wake. Gari langu lilikuja likiwa na 215/45R17, yaani upana wa milimita 215, ubavu wa asilimia 45 ya upana huo na rimu ya inchi 17, nami nikapanda hadi 225/45R17, ambayo rimu zangu zinaipokea bila shida. Wengi huvutwa na inchi 18, na kweli gari hupendeza. Hesabu yake ni rahisi: ubavu wa 225/45 ni milimita 101, na ukichukua 225/40R18 ili kipenyo kibaki karibu kile kile unashuka hadi milimita 90. Milimita 11 hizo ndizo zinazosimama kati ya rimu na shimo, na kwa anayepita njia zetu za mtaani msimu wa mvua, ambapo dimbwi halionyeshi kina chake, mimi sizitoi kwa sababu ya urembo. Kuhusu herufi ya mwendo, ile inayoonyesha kasi ya juu ambayo tairi linaweza kuhimili, V ni kilomita 240 kwa saa na W ni 270. Hakuna atakayefika huko, lakini herufi hiyo ni dalili ya jinsi tairi linavyostahimili joto, kwa hiyo sishuki chini ya ile iliyopendekezwa na mtengenezaji wa gari.

Kwa wenye Subaru wenzangu, nisemeni nimechosha, lakini nunueni manne. Desturi ya kubadilisha mawili ya mbele na kuyaacha ya nyuma yaishe polepole huenda ikafaa kwenye gari linalovutwa na magurudumu mawili. Kwenye gari linalovutwa na manne, matairi yenye mizingo tofauti huilazimisha difu ya katikati, ile gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kufanya kazi muda wote, hata mkienda taratibu kanisani. Subaru yenyewe hushauri tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Fundi wangu alinifungulia difu moja iliyoharibika kwa namna hiyo, mafuta yake yakiwa meusi na yananuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, na gharama yake ingenunua matairi mawili mazuri na chenji.

Na kabla ya kulipa, pinda goti usome tarehe. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 1525 ni wiki ya 15 ya mwaka 2025. Muuzaji mmoja, ambaye sitamtaja, aliniletea matairi ya ex-Japan, yaani mitumba kutoka Japani, yaliyong'aa kama viatu vya harusi, akaniambia, "Mkubwa, haya hayajakanyaga barabara." Nilipitisha kidole ubavuni nikakuta mahali palipopaswa kuwa na tarakimu ni laini, pamesuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi nyeusi. Nikabonyeza ukucha kwenye raba, haukuacha alama. Raba hukauka hata ikiwa kwenye rafu, na tairi gumu lenye meno mazima ni hatari kuliko linavyoonekana, kwa sababu kipara angalau unakiona. Nilimshukuru nikaondoka.

Sasa niungame kosa langu la siku ile, maana si matairi peke yake yaliyonifikisha pale Kinungi. Asubuhi nilikuwa nimejaza upepo wa psi 32, psi ikiwa kipimo cha shinikizo la upepo. Baada ya mizunguko michache geji ilisoma 38, na kama wanavyofanya wote nilitoa upepo hadi 34 ili tairi likanyage vizuri. Jioni yalipopoa yalishuka hadi 28 hivi, nami sikukumbuka kuyarudishia, kwa kuwa nilikuwa nashughulika kupiga picha. Tairi lenye upepo mdogo na mifereji mifupi husukumwa juu na maji mapema zaidi. Siku hizi pampu ndogo hukaa kando ya spea, na kipande cha chaki hukaa kwenye droo ya dashibodi. Chaki ni ya kuchora mstari begani mwa tairi, penye vile vipembetatu vidogo: ukirudi kutoka kwenye mizunguko ukakuta imefutika hadi kupita pembetatu, tairi linalalia ubavu na linataka upepo zaidi. Wengine hulaumu mwinuko, lakini nikienda kwa wakwe Kisumu, karibu mita 700 chini ya Nakuru, geji hupoteza kama psi moja tu, na joto la ziwani huirudisha yote.

Nilichonunua hatimaye ni seti ya barabarani ya 225/45R17 yenye namba 300, na mifereji minne mipana inayozunguka tairi zima. Sekunde mbili zile zimenikimbia, moja na nusu kati yake kwa hakika. Mvua ya Gilgil imenikuta mara tatu tangu hapo na usukani umebaki mzito.

Lakini siwezi kudai kwamba hamu imekufa. Anayekwenda mashindanoni mara nne au tano kwa mwaka ana njia nyingine, nayo ni kuwa na rimu za ziada na kuyabeba matairi laini hadi uwanjani, akayafunge pale na kuyafungua kabla ya kurudi. Nimepata rimu nne za inchi 17 kwa fundi mmoja wa jua kali, moja ikiwa imepinda kidogo na kunyooshwa. Nimeyajaribu matairi yale laini makuukuu ndani ya gari: ukilaza viti vya nyuma, matatu yanaingia, jeki na spana zikiwa juu yake. La nne lilikataa kila nilipoligeuza, kwa hiyo nikalikalisha kwenye kiti cha abiria cha mbele, nikalifunga mkanda.