Kumbana mhojiwa au kumwacha aseme?

Mei 1997, katika kipindi cha Newsnight cha BBC, Jeremy Paxman alimuuliza Michael Howard swali lilelile takriban mara kumi na mbili: alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, je, alimtishia mkuu wa idara ya magereza, Derek Lewis, kwamba angeutengua uamuzi wake? Kila mara Howard alilizunguka. Tangu siku hiyo mahojiano yale yamekuwa kipimo cha ukali, na watangazaji wengi huingia studio wakitamani kupata ya kwao.

Wanaoutetea mtindo huo wana hoja nzito. Mwanasiasa huja akiwa amenolewa na washauri namna ya kuligeuza swali. Mtangazaji akipokea jibu la pembeni kisha akahamia swali linalofuata kwenye karatasi yake, amemsaidia kukwepa. Kulirudia ni kumwonyesha msikilizaji kwamba halijajibiwa.

Ila tuangalie kilichopatikana. Jibu halikutoka usiku ule. Paxman mwenyewe alikuja kueleza kwamba aliendelea kuuliza kwa kuwa taarifa iliyokuwa ifuate haikuwa tayari kurushwa! Mwaka 2004 Paxman alimuuliza tena, na Howard, wakati huo akiwa kiongozi wa chama cha Conservative, akajibu kwa wepesi tu kwamba hakumtishia. Walichokiona watazamaji mwaka 1997 ni mtu anayekwepa, na hilo si dogo pale swali linapotaka ndiyo au hapana. Likiwa ni "ilikuwaje" au "kwa nini", mtu aliyebanwa hujikunyata na kukariri alichofundishwa.

David Frost, mtangazaji wa Uingereza, alidharauliwa kwa kuonekana laini mno. Mwaka 1977 alimlipa Richard Nixon, rais wa zamani wa Marekani, dola 600,000 (jambo linalonikera hadi leo), wakarekodi zaidi ya saa 28, na kwa sehemu kubwa Nixon alitamba. Mambo yaligeuka walipofika kwenye Watergate, kashfa iliyomfanya Nixon ajiuzulu, na si kwa sababu ya ukali wa sauti. Mtafiti wake, James Reston Jr., alikuwa amechimbua nakala za mazungumzo ya Nixon na mshauri wake Charles Colson ambazo umma ulikuwa haujazifahamu, na Frost akamsomea maneno yake mwenyewe.

Emily Maitlis naye, mtangazaji wa Newsnight, alipomhoji Prince Andrew wa Uingereza Novemba 2019 kuhusu tuhuma za ngono zilizotokana na urafiki wake na mhalifu wa ngono Jeffrey Epstein, hakufoka. Aliuliza kwa utulivu na kumwachia nafasi, naye mwanamfalme akaijaza kwa utetezi wa mgahawa wa piza na mwili usiotoka jasho. Siku nne baada ya mahojiano kurushwa, alitangaza kujiondoa katika shughuli za umma. Mtu wa kumkatiza kila sentensi angemwokoa.

Hata hivyo sikubali kwamba upole peke yake ni ufundi. Frost na Maitlis walijua ukweli wa mambo kabla ya kuketi. Siku hizi podikasti ya saa mbili au tatu inasifiwa kwamba inamfunua mgeni, na kweli tabia yake tunaiona. Lakini mwenyeji asiyejua takwimu hupitisha uongo huku akiitikia kwa kichwa. (Manusura wa ajali au msiba simhesabu hapa, huyo hana cha kubanwa.)

Lipo na tatizo ambalo wapenzi wa ukali hawapendi kulijadili: mgeni ana hiari ya kutokuja. Kabla ya uchaguzi wa Uingereza wa 2019, viongozi wengine wa vyama walikwenda kuketi mbele ya Andrew Neil, mhojaji aliyeogopwa kuliko wote BBC. Boris Johnson, Waziri Mkuu wa wakati huo, hakwenda. Desemba 5 Neil aliikabili kamera peke yake, akawaeleza watazamaji ambayo angemuuliza. Wiki moja baadaye Johnson alishinda kwa wingi mkubwa wa viti.