Acheni kuusingizia umeme

"Lala, ao askari akubebe!" Pita parseli yoyote, yaani uwanja wa nyumba, ya Kadutu ao Nyawera saa mbili usiku, utaisikia. Mtoto wa miaka 3 anakimbia huku na huku, macho mekundu, watu wazima wanne wanamgombeza, kila mmoja na amri yake. Ukiuliza kwa nini hana utaratibu wa kulala, jibu liko tayari: hapa Bukavu tutapanga nini, umeme wenyewe hauna ratiba?

Samahani, mtoto huyo hasomi saa. Mwambie "dakika tano", ni sawa na "mwaka kesho". Anachojua ni kitu gani kinafuata kitu gani, na hilo halihitaji umeme. Linahitaji beseni, mbabula (jiko la makaa) na mtu asiyegeuza neno lake.

Tena sisi tuna bahati: jua letu linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Anzia hapo. Moto ukikolea, maji ya kuoga yatangulie, lita tatu hivi zinatosha, ndipo sufuria ya bugali ipande. Aoge, ale, asugue meno, anywe maji, akojoe, alale kwa wimbo uleule. Wimbo mmoja, si tamasha. Maji ya kunywa yamo humo makusudi: yakikosekana, atayadai akishalazwa. Saa mbili awe amelala. OMS, shirika la afya duniani, inataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate masaa 10 hadi 13 ya usingizi kwa siku, na wa maternele, shule ya wadogo, anaamshwa saa kumi na mbili asubuhi. Hesabuni wenyewe. Anayengoja mtoto "asikie usingizi" amechelewa, maana aliyechoka kupita kiasi hapoi, anachemka. Ndiye yule anayekimbia parselini.

Kabla ya kumkatiza mchezo, mpe alama anayoiona: "Piga mpira mara mbili, halafu tunaoga." Hesabu naye. Akitaka ya tatu, chukua mpira bila hotuba, mshike mkono, mwende.

Usiku wa pili na wa tatu atalia kuliko wa kwanza, na hapo wengi wanashindwa. Ukimlegezea usiku wa tatu, umemfundisha kwamba kilio kinalipa ukikivumilia. Wa nne atakushinda pumzi. Shikilieni majuma mawili. Na koko, bibi ao babu, anayemwamsha aone telefone aambiwe kwa heshima, mchana, mtoto akiwa mbali.

Fimbo? Inanyamazisha leo, kesho mnaanza upya.

Haya, kuna mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, mpaka giza, kuna chumba kimoja cha watu saba. Nakubali. Basi hatua ziwe tatu, na anayebaki nyumbani, hata dada wa miaka 12, azifuate vilevile. Mkienda kwenye msiba, mtoto atangaziwe mapema: "Tutakula kwa jirani, halafu utakojoa, halafu wimbo." Mlo uhame, saa ihame, mwisho usiguswe.

Na baada ya yale ya Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, asiniambie mtu eti watoto wetu wamezoea. Mtoto aliyelazwa chini ya kitanda risasi zikilia anataka kuwa na hakika ya kitu kimoja kila jioni: wimbo ukiisha, mama bado yuko. Ninyi mnamtishia askari.