Kabla ya kuikimbilia Atmos

Wapenzi wa sauti za filamu nyumbani wamegawanyika kambi mbili. Kambi moja inasema kununua mfumo usio na Dolby Atmos au DTS:X, maumbizo ya sauti yanayoweza kutumia hata spika za juu, leo ni kutupa fedha. Nyingine inashikilia kuwa 5.1 iliyopangwa vizuri inatosha, na hayo mengine ni biashara tu. Kila kambi ina hoja zake, lakini kwa sebule nyingi naona mizani inaelemea upande wa 5.1.

Kwanza tarakimu zenyewe. Tano ni spika: kushoto, kati na kulia kwa mbele, kisha mbili za ubavuni, nyuma kidogo ya msikilizaji. Moja ni chaneli ya besi nzito, isiyozidi hezi 120, ambayo hupelekwa kwenye sabufa. Ikiongezwa tarakimu ya tatu, hizo ni spika za juu, kwa hiyo 5.1.2 ni 5.1 ileile pamoja na mbili za darini.

Dolby Digital, umbizo la sauti za 5.1, iliingia kwenye sinema mwaka 1992, na mshindani wake DTS akafuata mwaka 1993. Ubishi wa ipi bora kati ya hizo mbili siutilii maanani, maana kila moja hubana sauti kwa njia yake na kulinganisha kilobiti, yaani wingi wa data kwa sekunde, peke yake hakuamui lolote. Katika zote mbili, mhandisi ndiye anayeamua sauti itoke chaneli gani. Atmos, iliyoanza sinema mwaka 2012 na kufika majumbani 2014, ilileta jambo jipya kabisa: sauti inaweza kusafiri pamoja na maelezo ya mahali inapotakiwa kusikika, kisha risiva yako, kifaa kinachopokea sauti na kuzigawia spika, ikapiga hesabu ya spika za kuitoa kulingana na ulizonazo. Helikopta ikipita juu, mwenye spika sita na mwenye kumi na mbili wanapokea kazi ileile, na kila mmoja anaisikia kadiri chumba chake kinavyoweza. Hayo si maneno ya wauzaji. Mvua inayonyesha kutoka juu hasa hubadilisha namna unavyoitazama filamu.

Ila risiva haina muujiza. Saundibaa, zile spika ndefu za kuwekwa chini ya runinga, nyingi zenye nembo ya Atmos hazina spika ya darini. Hurusha sauti juu ili idunde na kumrudia msikilizaji. Dari likiwa bapa na la kimo cha kawaida, mbinu hiyo hufanya kazi kwa kiasi fulani. Likiwa la mteremko au refu mno, sauti inapotelea hukohuko.

Halafu kuna njia inayopitia sauti yenyewe. Atmos ya diski ya Blu-ray kwa kawaida hubebwa ndani ya Dolby TrueHD, ambayo haipotezi chochote, ilhali huduma za filamu za mtandaoni hutumia Dolby Digital Plus, iliyobanwa. Nembo kwenye skrini ni ileile. Kebo ya optiki haipitishi hata moja kati ya hizo mbili. HDMI ARC, njia ya kutoa sauti ya runinga kwenda risiva, inapitisha Digital Plus, lakini TrueHD inataka eARC, toleo lake lililoboreshwa. Mtu anaweza kulipia Atmos, akaunganisha kwa optiki, na kwa miaka akasikiliza 5.1 ya kawaida bila kujua.

Wakati huohuo, kinacholalamikiwa kila siku ni maneno ya waigizaji kutosikika huku milipuko ikitikisa madirisha. Sehemu kubwa ya mazungumzo hutoka spika ya kati, na mara nyingi utaikuta imesukumwa ndani ya kabati chini ya runinga, ikiyaelekea magoti ya watu. Ivute hadi ukingoni mwa rafu, iinamishe ielekee masikio, kisha cheza tena tukio lilelile. Spika za ubavuni nazo hutupwa kwenye pembe za nyuma za chumba, wakati mahali pake ni kama nyuzi 110 kutoka mbele ya msikilizaji. Marekebisho haya hayahitaji umbizo jipya, na mwenye fedha za kitu kimoja tu azielekeze kwenye spika ya kati iliyo bora kabla ya kufikiria dari.

Anayejenga au kubadilisha dari ana hesabu tofauti. Huyo apitishe nyaya za spika nne za juu sasa, hata kama hana spika zenyewe, na achague risiva inayoisoma Atmos. Aanze na 5.1, za juu ataziongeza atakapokuwa tayari, bila kubomoa kitu.