Wimbo wa Tapeli na Kiti cha Nyuma cha Marge

Mtu wa Mombasa ambaye hajawahi kutazama The Simpsons, ile katuni ya Kimarekani, mimi ningemwanzisha na kipindi chake kiitwacho "Marge vs. the Monorail". Ilirushwa Marekani Januari 1993, na aliyeiandika ni Conan O'Brien, kabla hajawa mtangazaji maarufu wa vipindi vya usiku. Kila nikiirudia nacheka, kisha nanuna, maana wale watu nawajua. Nimekaa nao vikaoni.

Mzee Burns, mwenye mtambo wa nyuklia, anakamatwa akificha taka zake kwenye bustani ya umma, na anatozwa faini ya dola milioni 3. Mji wa Springfield unakutana kuamua pesa zifanye nini. Marge, mama wa familia ya Simpson, anasimama na jambo la kawaida kabisa: barabara kuu imepasuka, tuitengeneze. Na watu wanakubali! Hapo wengi hupapita haraka. Ukumbi ulikuwa wake, hadi nyuma kabisa mtu akapiga mluzi.

Huyo ni Lyle Lanley. Hasifu bidhaa yake kwanza. Anajifanya kusita: wazo langu, asema, labda lawafaa zaidi watu wa Shelbyville, mji wa jirani. Basi kwisha. Meya mwenyewe anaahidi kura kabla hajajua kinachouzwa ni nini. Kumbe ni treni ya reli moja, inauzwa kwa wimbo, na ukumbi mzima unaitikia. Marge anakumbusha kwamba barabara bado imepasuka. Bart, mwanawe wa kumzaa, anamwambia umati umeshasema.

Kwetu sisi Shelbyville ni Dar es Salaam. Wenzetu wana daraja la Kigamboni tangu 2016, na sisi bado twangoja feri Likoni. Ukitaka kuuza mradi wowote mji huu, anza na sentensi hiyo. Tuliwahi kuletewa habari za magari ya kamba yatakayopita juu ya kivuko, watu wakabishana barazani hadi kahawa ikapoa. Simwiti aliyelileta wazo tapeli. Ila wakati ule ukiuliza ni feri ngapi zinafanya kazi leo, ulionekana huna maono.

Katika kikao kimoja cha maoni ya wananchi huku Kisauni, mama mmoja alisimama kuuliza habari ya mtaro uliozibana nyuma ya soko. Mwendesha kikao akamjibu kwa upole, "Mama, hayo tutayafikia, sasa tuko kwenye mambo makubwa." Makofi. Mama akajifunga leso yake upya, akaketi, na wala hakuondoka. Soda zilikuwa bado hazijagawiwa.

Lakini kichekesho kilichonichoma zaidi kiko darasani. Lisa, bintiye Marge, mtoto mwenye akili kuliko mji mzima, anauliza kwa nini mji mdogo unahitaji treni kama hiyo. Lanley anamwambia kwamba angeweza kumjibu, ila watakaoelewa ni wao wawili tu, mwalimu hayumo. Kilemba cha ukoka hicho, na Lisa anakivaa kwa furaha. Kumbe hata kuwa na akili hakukingi, ukisifiwa vizuri.

Nusu ya pili hainipendezi sana. Homer, mumewe Marge, kuwa dereva wa treni ni mzaha wa bei rahisi, na Leonard Nimoy, mwigizaji wa Star Trek anayejitokeza humo, atamchekesha zaidi aliyekulia tamthilia hiyo. Na kinachoniudhi: Marge ndiye aliyefunga safari hadi North Haverbrook, mji ulioumizwa na treni hiyo hiyo, ambako wenyeji wanakana katakata kwamba iliwahi kuwepo. Ndiye aliyempata mhandisi aliyeiunda. Lakini shangwe zinakwenda kwa mumewe, ambaye treni ilipokataa kusimama aliitupa herufi kubwa ya ubavuni mwa treni kama nanga ikanasa kwenye donati kubwa.

Halafu kuna malipo ya Lanley. Anatoroka na pesa kwa ndege, ndege inasimama kidogo North Haverbrook, na watu aliowaibia wanamvamia humo humo ndani. Treni kusimamishwa na donati nilikubali bila kelele. Lakini aliyekula pesa za mji, ndege yake itue kwa wenye pesa? Hapo Conan alitaka niamini mengi mno.