Tulimpiga Nduli. Halafu?

Kila Taifa Stars inapopangwa na Uganda Cranes, najua kitakachoingia kwenye simu yangu. Vikosi havijatangazwa bado, mtu atatuma ile sauti ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, alipotangaza vita dhidi ya Iddi Amin wa Uganda, yule tuliyemwita Nduli: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Chini yake bendera, vikatuni vya kucheka, halafu kijana aliyezaliwa Mkapa akiwa Ikulu anaandika, "Wawaulize babu zao." Safari hii mmoja akaongeza kwamba Waganda tunawadai shukrani mpaka leo. Nikaandika jibu nikalifuta. Nikaandika jingine, likawa refu mno kwa kundi la mpira. Ndilo hili.

Kwetu ni Misenyi, mkoani Kagera, ng'ambo ya mto Kagera, upande ule ambao Iddi Amin alitangaza Novemba mosi 1978 kwamba tangu siku hiyo ni Uganda. Mimi nimezaliwa baadaye, kwa hiyo vita nimevisikia wakati wa kula tu, kama watoto wote wa huko: kila msiba, kila harusi, wazee wakishashiba wanarudi palepale. Askari wa Amin waliingia mwishoni mwa Oktoba. Waliua watu, wakasomba ng'ombe, mabati, matrekta, mpaka mitambo ya kiwanda cha sukari. Siku chache baadaye wakalipua daraja la Kyaka, na aliyebaki upande wa huku akabaki. Makadirio yanayotajwa sana ni raia kama 1,500 waliouawa.

Mama mkubwa wangu alikuwa na cherehani. Aliifukia kwenye migomba, akatandaza majani makavu juu, akakimbia na watoto. Aliporudi jeshi letu likiwa limeshalikomboa eneo, akakuta shimo. Nimemwuliza mara nyingi nani aliichukua, wa Amin au wa kwetu. Ananiambia, "Mwanangu, cherehani haikuwa na bendera," kisha anabadilisha mazungumzo.

Sasa, sitaki mtu aniite msaliti. Amin alituvamia, hilo halina mjadala. Na wale wanaosema tungeishia mtoni tu, nao wana lao la kujibu, maana jamaa hakuwa mtu wa kuahidi kitu akakitimiza. Baba yangu mdogo, aliyekwenda na jeshi mpaka Kampala na kurudi na sikio moja lisilosikia, akinibana na swali la "wewe ungefanyaje?" huwa sina jibu la maana. Nakubali. Ila kukubali kwamba ilibidi twende si sawa na kukubali kwamba hadithi inaishia Aprili 11, 1979, Kampala inaanguka, ngoma, vifijo, tufunge kitabu.

Maana ndivyo tulivyofundishwa. Mtoto wa darasa la saba anawajua makamanda wetu, anamjua Musuguri, anamjua Mayunga "Mti Mkavu", anaijua Lukaya, kule Uganda, ambako Gaddafi alileta vijana wa watu kuja kufia kwenye matope yasiyowahusu. Mwulize kilichotokea Mei 1979. Atakutazama.

Tuanze na sisi. Jeshi lililokuwa na watu kama 40,000 lilifumuka kwa wiki chache likapita laki moja: mgambo, polisi, magereza, JKT, kila mwenye miguu. Malori ya watu yakachukuliwa, mabasi yakachukuliwa. Gharama inayotajwa ni dola za Marekani milioni 500, na hiyo ni nchi iliyokuwa imetoka kufiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, bei ya mafuta ikapanda tena mwaka uleule wa 1979. Mwalimu akatuambia tufunge mikanda miezi 18. Sijui kalenda gani ilitumika, maana mkanda haukufunguka kwa muongo mzima.

Nyumbani wanakumbuka foleni ya duka la ushirika. Hukai mwenyewe, unaweka jiwe lako kwenye mstari, unaenda shamba, na ole wako mtu alisogeze. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Sukari ilipimwa kwa kikombe kwa familia, tena ukiwa na bahati, na hii ni sisi tunaoishi jirani na kiwanda cha sukari! Najua, najua: vita havikuvunja vyama vya ushirika mwaka 1976, serikali ilivivunja yenyewe, na vijiji vya ujamaa vilikuwa na madhambi yake ya kutosha. Lakini fedha za kigeni zilizokuwepo, kidogo ziwe kidogo, zilikwenda kwenye risasi na dizeli. Mwisho wa 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu kwa sababu ya mzozo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti yake ya mkopo. Mwalimu akawafukuza hao IMF kwa maneno makali na ya kupendeza, na mwaka 1986 Mzee Mwinyi akasaini nao, tukiwa tumeshachakaa. Ukitaka kujua kwa nini wazazi wako walianza kuchangia hospitali na shule, usianzie Washington peke yake. Pitia na Mutukula, pale mpakani na Uganda.

Na Afrika? Umoja wa Nchi Huru haukuwa na ujasiri wa kumlaani Amin alipotuvamia. Ila Julai 1979 kule Monrovia, Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walipata sauti ya kutosha kutukemea sisi kuhusu kuheshimu mipaka. Ahsanteni sana.

Lipo lingine ambalo kwetu linasemwa kwa sauti ya chini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana mwaka 1983, mkoani Kagera. Ng'ambo, wilayani Rakai, Uganda, watu walikuwa wameshaanza kupukutika. Wahaya tuliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, maana ndiko watu walikohisi umetokea. Siwezi kukuambia kwamba vita ndivyo vilivyouleta. Kirusi hakikusubiri Amin, na wataalamu wenyewe wanavutana. Ninachojua ni kwamba ukiparaganya mpaka, ukapitisha maelfu ya askari vijana kwenda na kurudi, ukaua biashara halali pande zote mbili mpaka kila mtu anaishi kwa magendo ya usiku, umeuandalia ugonjwa ule barabara ya lami. Kuna nyumba kwetu zilibaki na bibi na wajukuu tu, kati hapo hakuna mtu. Makaburi yapo palepale migombani. Hawa hakuna aliyewahesabu kwenye vita, na sidai wahesabiwe. Nadai tu kwamba anayeandika "tuliwachapa" ajue kwamba anaandika juu ya watu hawa pia.

Haya, twende ng'ambo.

Februari 24, 1979 jeshi letu liliingia Masaka, na kesho yake Mbarara. Miji yote miwili ilibomolewa. Si kwamba ilijeruhiwa kwenye mapigano. Baada ya kutekwa, majengo yalipigwa na kulipuliwa kulipiza ya Kagera. Hili halimo kwenye kile kitabu cha shule. Niliwahi kukaa na mzee mmoja kwenye teksi ya kwenda Masaka, aliposikia Kiswahili changu akajua mara moja natoka wapi. "Mlitukomboa, ssebo (bwana). Asante." Akanyamaza, tukafika mjini, akanionyesha kituo cha mafuta. "Lakini duka la baba lilikuwa pale." Alisema yote mawili kwa sauti ileile, wala hakuona kwamba moja linafuta jingine. Sisi tumechukua lile la kwanza tukaja nalo nyumbani.

Na duka linajengwa upya. Siasa ndizo zilizooza. Machi 1979 tuliwakusanya wapinzani wa Amin pale Moshi, watu ambao kitu pekee walichokubaliana ni kwamba Amin aondoke, tukawapa nchi. Yusuf Lule akawa rais, akakaa siku 68. Akaja Godfrey Binaisa. Mei 1980 akaondolewa na Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga, mizinga yetu ikiwa imeegeshwa Kampala ikitazama. Desemba 1980 uchaguzi, na kwa bahati njema ya ajabu mshindi akawa Milton Obote, rafiki wa Mwalimu, aliyekuwa mgeni wetu tangu 1971. Naomba msinitukane. Nampenda Mwalimu kama nyinyi, picha yake ipo sebuleni kwetu. Lakini mtu akikukuta umemtoa mpangaji kwa nguvu na kumrudisha swahiba wako, hata ukiapa hukukusudia, atakuamini nani? Waganda wengi hawakuamini. Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni kupigana na serikali ya Obote.

Kilichofuata kinaitwa Luwero, eneo la kaskazini ya Kampala ambako jeshi la Obote na waasi wa Museveni walipigana na raia wengi wakauawa. Baada ya vita mafuvu ya watu yalipangwa kando ya barabara ili wapita njia waone. Na kabla ya Luwero kulikuwa na West Nile, nyumbani kwa Amin, ambako askari wa jeshi jipya, jeshi tulilolifundisha sisi, walikwenda kulipiza kisasi kwa Wakakwa, Walugbara na Waaringa ambao wengi wao hawakuwahi kuonja hata kijiko cha utawala wa Amin. Watu wakamiminika Zaire na Sudan. Jeshi letu likaondoka mwaka 1981, kwa kuwa hela zilikwisha, tukaiacha nchi ya watu ikiungua. Julai 1985 Obote akapinduliwa tena na wanajeshi, safari hii wa kina Okello. Januari 1986 Museveni akaingia Kampala, na baada yake kaskazini ikawaka moto wa waasi wa kina Joseph Kony. Nani anaweza kusema kwa uhakika kwamba hayo yote yasingetokea bila sisi? Hakuna. Amin mwenyewe alishaua watu wengi mno, na mbegu za chuki zilipandwa kabla yake, Obote yule yule akiwemo kati ya wapandaji. Lakini funguo za Kampala tulikuwa nazo sisi miaka miwili mizima. Anayeshika funguo huulizwa.

Amin? Alipita Libya, akaishia Saudi Arabia, akaishi Jeddah na wanawe mpaka alipokufa Agosti 2003, kitandani. Aliyeanzisha vita ndiye aliyelipa kidogo kuliko wote. Baba mdogo mpaka leo anahangaikia karatasi zake kwenye ofisi fulani ambako kila akienda anaambiwa faili linatafutwa.

Ndiyo maana mambo haya hayanichekeshi. Oktoba 2022 jenerali Muhoozi, mtoto wa Museveni, alijisemea mtandaoni kwamba jeshi lake lingeichukua Nairobi ndani ya wiki mbili, baba yake ikabidi awaombe Wakenya radhi. Watu walitengeneza vichekesho wiki nzima, nami nilicheka, kisha nikawaza kwamba mwaka 1978 nako kulikuwa na jenerali anayesema hovyo redioni na watu wakamcheka hadi wiki ile ya mwisho ya Oktoba.

Ninachotaka ni kidogo. Wizara iongeze kurasa baada ya Aprili 11. Ziwemo Masaka na Mbarara, ziwemo siku 68 za Lule, iwemo Luwero, viwemo vikombe vya sukari. Na kabla ya kurasa, watu. Mkoa wetu ulibadilishwa jina kutoka Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera baada ya vita vile, askari wetu wana makaburi yao ya heshima Kaboya, sherehe zinafanyika, mashada yanawekwa, vizuri sana. Mama mkubwa anawataja kwa majina waliouawa kijijini kwake, nyumba hadi nyumba, na hajawahi kuja mtu na kalamu kumwuliza. Ameshapita miaka themanini, akili inachemka kuliko yangu. Yeyote wa chuo kikuu, wa makumbusho, hata mwanafunzi mwenye simu inayorekodi: panda gari pale Bukoba, shuka Bunazi, niandikie nije kukupokea. Njoo asubuhi, mchana analala. Kahawa ya kutafuna ipo.