Nilisaini Mahudhurio, Sikusaini Barabara

Naipenda lami. Niseme mapema, maana huku Kigoma ukihoji jambo lolote la barabara unaambiwa hututakii maendeleo. Nimeshalala ndani ya basi kati ya Kasulu na Kibondo, masika, tairi zimezama, konda anakata matawi ya kutandika. Kilomita 260 za Kabingo–Kasulu–Manyovu zilipopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika nilishangilia kama wengine. Mkutano ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa barabara nyingine, ndogo kuliko hiyo, na sitaitaja.

Taarifa ilitufikia jioni kwa pikipiki: kesho saa nne asubuhi, shule ya msingi, mkutano wa maoni. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, kila mwenye jembe yuko shambani anapanda mahindi. Tuliofika tulikuwa wanaume wengi, wazee kiasi, wanawake wa kuhesabu. Kabla hata ya sala ya kufungua mkutano, ikaanza kuzungushwa karatasi: jina, namba ya simu, saini. Mtaalamu akazungumza karibu saa nzima. Maswali yakapewa muda mfupi kuliko ule wanaoutumia Waha wawili kuamkiana, na anayetufahamu anajua makofi yetu ya salamu yanavyochelewa kuisha.

Shangazi yangu alisimama. Aliuliza kama mstari wa barabara unaweza kusogea kidogo upande wa mlimani, uiache michikichi yake na kaburi la mumewe. Akajibiwa, "Mama, hoja yako imepokelewa." Akakaa. Tukanywa soda, tukapewa nauli, tukarudi.

Miezi ikapita, wathamini wakaja na kamba zao. Mstari ulikuwa palepale. Shangazi alipouliza habari ya hoja yake, alionyeshwa karatasi ile ya mahudhurio. "Mama, mlishirikishwa. Saini yako si hii?"

Ilikuwa yake kweli. Ila hoja yake haikuwa kwenye karatasi ile wala kwenye nyingine yoyote tuliyoonyeshwa.

Ukisoma sheria zetu za Tanzania hutaona kwamba zimesahau wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi mikubwa, na kanuni zake za 2005 zinataka watu watakaoguswa waulizwe maoni, taarifa itolewe angalau wiki moja kabla, mahali na saa viwafae wao. Muhtasari wa ripoti lazima uwepo kwa Kiswahili pia. Ardhi ya kijiji nayo, Sheria ya 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji ujadili kabla haijahamishwa, tena isihamishwe kabla ya siku 90 tangu taarifa itolewe. Siku 90! Sisi tulipewa usiku mmoja.

Kinachokosekana ni kitu kidogo sana: njia ya maneno kurudi. Mkutano unafanyika, maneno yanaingia kwenye ripoti nene ya Kiingereza, ripoti inakwenda mjini, na kijiji hakijui kama swali lake liliandikwa au liliishia kwenye chupa ya soda. Kule Marekani, tangu miaka ya 1950, sheria inalitaka jimbo linalojenga kwa fedha za serikali kuu barabara inayopita mjini au kando yake lifanye mkutano wa hadhara, au litoe nafasi ya kuufanya, kisha lipeleke serikali kuu nakala ya yaliyosemwa. Sisemi wao ni malaika. Mikutano hiyo haikuzuia barabara kuu kupasua mitaa ya watu weusi katika miji mingi. Lakini yaliyosemwa yalibaki kwenye maandishi, na maandishi hayo mtu anaweza kwenda nayo mahakamani.

Huku kwetu maandishi tunayoyajua vizuri ni ya rangi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi, yaani ardhi iliyotengwa, ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na tangu hapo hata mtoto anajua X nyekundu ukutani maana yake umeifuata barabara, ondoka bila fidia, na ya kijani maana yake barabara imekufuata wewe, subiri malipo. Ila X ikishapakwa, mazungumzo yaliyobaki ni ya shilingi tu. Mstari upite wapi, hilo halipo tena mezani.

Najua jibu la wahandisi: tukianza kubishana kila kitongoji, barabara haitajengwa, na watu watapanda minanasi usiku ili wathaminiwe asubuhi. La minanasi ni kweli, nina jirani aliyefanya hivyo na bado anajisifu. Lakini huyo alipata nafasi kwa sababu habari zilimfikia kwa uvumi kabla ya kumfikia kwa tangazo. Na hakuna anayedai kila hoja ikubaliwe. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Muhtasari urudishwe hapo, usomwe kwa Kiswahili, na kila aliyeuliza ajibiwe: mama, mstari hausogei kwa sababu mlimani kuna mwamba, au gharama, au chochote kile. Hata "hapana" yenye sababu shangazi angeielewa.

Fidia alilipwa. Kaburi lilihamishwa kwa heshima, siwezi kulalamika juu ya hilo. Mwaka huu tukaitwa tena, safari hii habari ni bomba la maji. Karatasi ikazungushwa. Shangazi akaomba kalamu, akaandika jina lake polepole, na kwenye nafasi ya saini akaandika: nimehudhuria tu.

Kijana aliyeshika karatasi akamwambia, "Mama, hapo inatakiwa saini."

"Ndiyo saini yangu hiyo," akamrudishia kalamu.