GPA ya kidato cha nne: lawama ilikosea mlango

Watahiniwa wa kidato cha nne wa mwaka 2014 nchini Tanzania walipata matokeo ambayo kaka zao hawakuyapata wala wadogo zao hawakuyaona: matokeo ya GPA, yaani wastani wa pointi za masomo. Badala ya divisheni ya kwanza mpaka ziro, walitangaziwa distinksheni, meriti, krediti, pasi au feli. Matokeo ya 2015 yalipotoka mapema 2016, divisheni zilikuwa zimesharudi kwa agizo la Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako. Naamini GPA ilihukumiwa kwa kosa lisilo lake, ingawa sisemi irudi.

Tuanze na hesabu. Divisheni hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Jumla ya 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na 34 au 35 ni ziro. GPA ya 2014 nayo ilichukua masomo saba bora, ila A ikawa pointi 5, B+ 4, B 3, C 2 na D 1, kisha jumla ikagawanywa kwa saba. Kumbe divisheni nayo ni wastani, ila haujagawanywa tu. Mwenye pointi 21 ana wastani wa 3 hata kama hakuna aliyeuandika.

Sasa mchukue mwanafunzi mwenye C saba. Ana pointi 21, divisheni ya pili. Mweke kando ya mwenzake mwenye A tatu, D mbili na F mbili: 3, ongeza 8, ongeza 10, ni 21 vilevile. Mmoja hakuanguka popote wala hakung'ara popote. Wa pili ameanguka masomo mawili, lakini kama A zake ni za fizikia, kemia na hisabati, huyo ni mtu wa kumwangalia kwa makini. Divisheni inawaita jina moja, na ukigawanya pointi hizo 21 kwa saba unapata 3.0 kwa wote wawili. Anayedai kwamba GPA huficha udhaifu wa mwanafunzi anasema kweli, lakini divisheni huuficha kwa kiasi kilekile.

GPA ina jambo moja la kuizidi divisheni: haiwafungi watu katika fungu moja. Mwenye pointi 7, yaani A tupu, na mwenye 17, yaani B nne na C tatu, wote ni divisheni ya kwanza. Wakati huohuo pointi moja tu inamtenga wa 17 na wa 18, na mtaani tofauti hiyo hugeuka sherehe kwa huyu na majonzi kwa yule. Wastani wenye desimali ungeonyesha kwamba hao wawili wako jirani.

GPA ilitetewa pia kwa hoja kwamba inaoanisha mfumo na ule wa vyuo vikuu; hoja hiyo sikuikubali sana. Chuoni kila kozi ina uzito wake wa yuniti, na GPA hufuata uzito huo. Kidato cha nne masomo yote yana uzito sawa na yanayoingia ni saba bora tu. Jina ni moja, hesabu mbili.

Kosa lenyewe lilikuwa kwenye viwango vya alama. Wakati wa GPA, C ilianzia alama 40 na B ilianzia 50. Leo C inaanzia 45, na mwenye 50 ana C, si B. Tena nchi ilikuwa bado na kidonda cha 2012, pale zaidi ya nusu ya watahiniwa walipopata ziro, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Ukibadilisha viwango, majina na mwelekeo wa pointi ndani ya muda mfupi, mzazi ana haki ya kushuku kwamba anapakiwa rangi juu ya ufa. Jana pointi chache zilikuwa sifa, leo nyingi ndizo sifa. Na mpaka sasa GPA ya shule, yaani wastani wa shule nzima, katika matokeo ya Baraza la Mitihani husomwa kwa namna ile ya zamani: ndogo ndiyo bora.

Kenya wanaishi na wastani bila kelele hizo. A ni pointi 12, E ni 1, masomo saba yanatoa 84, na kila mzazi anajua kwamba C+ ndiyo mlango wa chuo kikuu. Kilichowasaidia ni mazoea.

Upande wetu, sharti la kuingia kidato cha tano limekuwa likitazama ufaulu wa C au zaidi katika masomo matatu na pointi zisizozidi 25, yaani daraja la kila somo na jumla, si jina la divisheni. Mwajiri na mzazi nao waanzie hapo. Na Baraza likitaka kugusa viwango tena, litangaze kabla wanafunzi hawajaingia kidato cha tatu, na mwaka wa kwanza litoe matokeo kwa vipimo vyote viwili, cha zamani na kipya.